Mtoto anataka kompyuta ya gemu? Anza na umeme, kadi ya picha isubiri

Pamba ikishauzwa Simiyu, maombi ya nyumbani huwa mengi. Kuna bati za nyumba, ada, na mahitaji ya mtoto anayekwenda kidato cha tano. Katika nyumba yenye kijana wa sekondari, ombi jingine linaweza kufuata: “Baba, naomba kompyuta ya gemu. Siyo laptop, ile ya mezani ya kuunganisha vifaa.”

Wapo wazazi wanaokataa papo hapo, na wapo wanaotoa fedha yote kisha wakamwachia kijana aagize Kariakoo anachokitaka. Anayekataa anampoteza mtoto kwenye vibanda vya gemu, ambako hajui anacheza nini wala na nani. Anayetoa fedha bila kuuliza anaweza kujikuta na kasha linalowaka taa za rangi, lakini limeungua ndani ya mwezi.

Ukweli ni kwamba kompyuta ya kuunganisha inamfaa mtu mwenye kipato cha msimu. Laptop hununuliwa nzima, ilhali hii unaweza kuianza kwa vifaa vya kawaida mwaka huu, ukaongeza kifaa kimoja mwakani. Sharti ni kufuata mpangilio. Kijana ataanza na kadi ya picha kwa sababu ndiyo inayosifiwa mtandaoni. Mzazi aanze na umeme, macho na usingizi.

Uliza gemu kabla ya kifaa

Mwambie mtoto aandike gemu tatu anazotaka kucheza. Orodha hiyo itakueleza mambo mawili.

La kwanza ni umri. Gemu nyingi hubeba alama za umri za PEGI, ambazo ni 3, 7, 12, 16 na 18. Gemu za mpira kama eFootball zina alama ya 3, Fortnite ina 12, na GTA V ina 18 kwa sababu ya mauaji, matusi na mambo ya kikubwa. Kama mtoto ana miaka 13 na orodha yake ni GTA tupu, mazungumzo ya vifaa yasubiri.

La pili ni nguvu ya mashine. Mchezaji wa mpira hahitaji mashine sawa na ya kijana anayetaka gemu kubwa zilizotoka mwaka huu. Wengi hulipia nguvu ambayo hawataitumia.

Kifaa cha kwanza ni pawa saplai

Hiki ni kiboksi ndani ya kasha kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vyote. Hakionekani, kwa hiyo ndicho kinachobaniwa fedha. Kibovu kikiungua kinaweza kuondoka na bodi, kadi na diski, na kinaweza kuwasha moto chumbani mtoto akiwa amelala.

Usiamini namba ya wati pekee. Kiboksi chepesi cha bei ya kutupa kinaweza kuandikwa wati 600 na kisiweze hata nusu yake. Tafuta kampuni inayojulikana na alama ya 80 Plus. Kwa mashine ya bajeti, wati 450 za kweli zinatosha.

Angalia nyuma yake pia. Baadhi zina swichi ndogo yenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115 na ukachomeka ukutani, kitapasuka siku hiyohiyo. Mashine zilizotumika kutoka Marekani zikaguliwe hivyo kabla ya kuwashwa.

Kisha tenga kama sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa ajili ya UPS au kifaa cha kulinda umeme. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu huharibu mashine, na mvua za radi ni sababu ya kuchomoa waya kabisa. Muulize fundi wa nyumba kama soketi ya chumba hicho ina waya wa ardhi unaofanya kazi. Kasha la chuma linalompiga mtoto shoti kidogo ni dalili ya kwamba haufanyi.

Mpya au iliyotumika?

Njia ya bei nafuu ni kununua kompyuta ya ofisini iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuiongezea vifaa. Zinapatikana kwa wingi Dar es Salaam na Mwanza. Soma namba ya prosesa kabla ya kulipa. Kwenye i5-6500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inaonyesha kizazi cha sita. i5-8500 ni kizazi cha nane, na i5-10400 ni cha kumi.

Tofauti hiyo ina uzito. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine ya kizazi cha sita itakuwa rahisi zaidi, lakini umenunua kitu ambacho muda wake umekwisha.

Tahadhari nyingine: mashine nyingi za ofisini zina pawa saplai ndogo yenye umbo na waya za kampuni husika, hivyo haibadilishwi kirahisi. Chagua kasha kubwa, maana yale membamba hayapokei kadi za kawaida.

Njia ya pili ni kuunganisha vifaa vipya ukianza na prosesa yenye picha ndani yake. Mfano ni Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Herufi G mwishoni inaonyesha kwamba inaweza kutoa picha bila kadi. Hiyo inacheza mpira vizuri, na GTA V kwa picha za kiwango cha kati. Upande wa Intel, ogopa herufi F mwishoni, kama i5-12400F. Bila kadi ya picha, monita itabaki nyeusi, na kijana atarudi kuomba fedha nyingine.

RAM iwe GB 16, na inunuliwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16. Prosesa yenye picha ndani huazima RAM, na vipande viwili humpa mchezaji kasi ambayo kimoja hakitoi. Diski iwe SSD, angalau GB 500, kwa sababu gemu moja kubwa kama GTA V hula zaidi ya GB 70.

Kadi ya picha isubiri msimu mwingine

Mashine ikishafanya kazi miezi kadhaa, na ripoti ya shule ikiwa haijaporomoka, ndipo kadi izungumzwe. Kwa mashine ya ofisini, tafuta kadi inayotumia umeme wa bodi pekee, usiozidi wati 75. Matoleo mengi ya GTX 1650 na GTX 1050 Ti yako hivyo. Kadi iliyotumika ichezewe gemu kwa nusu saa mbele yako kabla ya kulipa. Ikichoka itaonyesha mistari, itazima au feni italia.

Fedha ya taa za rangi iende kwenye mwili

Kasha la kioo na taa haliongezi kasi. Fedha hiyo inunue meza na kiti vinavyomtosha mtoto, miguu ikanyage sakafu na mgongo uegemee. Monita iwe umbali wa mkono ulionyooka, na ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho. Kila baada ya dakika 20 aangalie kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20. Na atoke nje mchana, kwa sababu watoto wanaokaa nje zaidi wana uwezekano mdogo wa kupata tatizo la kutoona mbali. Hedifoni isizidi asilimia 60 ya sauti.

Usingizi ndio unaoumia kwanza. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11:30 alfajiri kuwahi shule anapaswa awe amelala saa 3:30 usiku, siyo ndiyo kwanza anaanza mechi. Kwa hiyo mashine ikae sebuleni.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto anayependa gemu siyo mgonjwa. Anayeacha kula, kusoma na kuongea na wenzake kwa ajili ya gemu apelekwe hospitali, asipigwe.

Hesabu ya LUKU

Mashine na monita zikitumia wati 200 kwa saa tatu kwa siku, kwa mwezi ni uniti 18. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, inaweza kuvuka na kuanza kulipa bei ya juu kwa uniti zinazozidi. Mwonyeshe mtoto hesabu hiyo. Saa mbili siku za mapumziko na hakuna siku za shule ni mkataba anaouelewa akiona namba.

Kabla ya kutuma fedha, linganisha bei za maduka matatu, dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa. Duka la Bariadi au Mwanza likizidi kidogo la Dar es Salaam, fikiria nauli ya kifurushi kitakachorudi kwa basi kifaa kikiwa kibovu. Kisha muunganishe pamoja, mzazi na mtoto, fundi akiwa pembeni. Mtoto aliyeshika kila kifaa kwa mkono wake na kujua bei yake atakitunza.