Buhangija Twendeni Mikono Mitupu

Ndugu zangu wa Shinyanga, Shule ya Msingi Buhangija mnaijua. Ndiko wanakolala na kusoma watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi. Wenye ualbino wengi walipelekwa huko kwa sababu huku kwetu walikuwa wanawindwa. Waganga walikuwa wamewaaminisha watu, wachimbaji wa dhahabu wakiwemo, kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri. Kuwakusanya kulikuwa sahihi. Wako hai.

Lakini bweni halimfundishi mtu kuishi na watu. Usukumani kijana alifundwa kwenye shikome, moto wa jioni, akiwasikiliza wazee wanavyobishana na kupatana. Mlezi mwenye watoto wengi mabwenini atawasha moto wa aina hiyo saa ngapi? Ndiyo maana unaweza kumkuta kijana aliyekulia kituoni, ndevu zinaanza kuota, foleni ya uji anaijua vizuri, ila mtume dukani na noti ya elfu kumi: atasimama pembeni mpaka aulizwe anataka nini, na chenji ikipungua atanyamaza. Si mjinga. Hajawahi kutumwa.

Sisi tunakwenda na mchele, sabuni na mafuta ya kula, tunapiga picha ya pamoja, tunaondoka. (Picha sasa zimetosha.)

Safari hii nenda mikono mitupu. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, maana mtoto hatoki kituoni bila utaratibu, na uombe kumkaribisha kijana likizo ya Juni au Desemba. Usimkalishe sebuleni na soda kama mgeni rasmi. Aende sokoni na wanao, apatane bei ya dagaa mwenyewe, amwamkie bibi “mwangaluka”, ale michembe, agombane na vijana wenzake kuhusu Simba na Yanga. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, ajipake mafuta ya kukinga jua, na asiachwe njiani peke yake. Mwenyekiti wa mtaa ajue yupo kwako.

Na ninyi wa Geita, wenye gereji, cherehani na saluni mjini na Katoro, hamko mbali na watoto wa Moyo wa Huruma na vituo vingine. Ombeni kwa njia hiyohiyo mpewe kijana mmoja kila Jumamosi, ajifunze kumsikiliza mteja mkorofi. Mji wenu unakula kwa dhahabu, dhahabu ileile iliyowafanya wenzetu wawindwe. Deni hilo halilipwi kwa sabuni.

Juni haiko mbali. Fika ofisi ya ustawi wa jamii wiki hii, kabla shule hazijafungwa.