Mchumba Ana Miguu Baridi? Usikimbilie Soksi!

Siku hizi mapenzi mengi yanaendeshwa kwa meseji, na meseji zenyewe zimejaa Kiingereza. Sina ugomvi nacho. Kasheshe ni misemo yake. Mtu anakuandikia “let me sleep on it”, ukitafsiri neno kwa neno unapata balaa, kumbe anaomba tu muda afikirie mpaka kesho. “Under the weather” nayo haina habari na mvua, mwenzio anajisikia vibaya kidogo. “Tie the knot” ndiyo nafuu, maana hata sisi ndoa tunaifunga.

Halafu unakwenda kwenye usaili wa kazi, mpenzi anakutumia “break a leg”. Vunja mguu! Usimpigie kumtukana, anakutakia heri. Msemo huu ni wa watu wa maigizo, wanaoamini kwamba kumtakia mwenzao heri waziwazi ni kumletea nuksi, basi wanaigeuza. Mpemba hatashangaa sana. Nani anasifia mtoto mnene wa watu bila kutanguliza Mashaallah?

Ila kuna mmoja unaoweza kuvunja uchumba. Tuseme kijana yuko Dar, mchumba wake ni mwalimu kwao Gando, kule Wete, Pemba. Mahari imeshatolewa, nikaha bado wiki mbili. Usiku kijana anatuma: “I’m getting cold feet.” Bibie anamuuliza mama yake, na bi mkubwa hana shaka: mwambie apake mafuta ya karafuu, avae na soksi. Jibu linakwenda hivyo hivyo, na makopa matatu juu yake.

Msiseme mwalimu hajui Kiingereza. Sekondari kasoma kwa Kiingereza, lakini kitabu cha fizikia hakifundishi kwamba miguu baridi ni woga wa kuoa. Angeambiwa mwenzio yuko mguu ndani, mguu nje, angepiga simu palepale. Sasa yeye kalala fofofo, na kijana anaona kafungua moyo kajibiwa kwa mzaha.

Mimi lawama naiweka kwa kijana. Kajificha nyuma ya lugha ya watu kwa sababu kwa Kiswahili neno lile lingemtoka kwa shida. Kaka, boti za Pemba zipo. Panda, ufike Gando, umwambie bibie unachoogopa kabla wazee hawajaanza kualika watu. Na wewe dada, ukipata meseji usiyoielewa, weka makopa pembeni kwanza. Muulize: “Una maana gani?”