Safari ya Chuo Huanzia Nyumbani

Hapa Mulongo, kando ya mto Lualaba, kila mzazi ajua ada ya shule inavyopatikana. Baba huvua samaki, mama huwakausha na kuwapeleka sokoni, na mbuzi aliyetunzwa miaka huuzwa kwa siku moja. Kwa jasho la namna hiyo kijana mmoja wa kwetu, aliyemaliza sekondari kwa sifa, alipelekwa chuoni katika nchi jirani ambako masomo yote hutolewa kwa Kiingereza.

Mwezi wa kwanza alikaa kimya darasani. Mwezi wa pili aliugua, akamwandikia mwalimu wake barua ya kuomba ruhusa. Aliandika: “I demand permission.” Maskini, aliwaza kwa Kifaransa, ambacho “demander” ni kuomba tu. Lakini katika Kiingereza “demand” ni kudai, kama mtu adaivyo deni lake. Mwalimu alimwona mjeuri. Kijana yule, mpole kuliko wenzake, hakujua hata kosa lake ni nini. Alianza kufunga mzigo wake arudi nyumbani.

Tusimcheke, wala tusiseme hana akili. Mtoto wa Mulongo husema Kiluba nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa shuleni. Kiingereza humjia cha nne, tena kwa saa chache tu za juma. Aliyebeba lugha tatu hashindwi na ya nne. Kilichokosekana si akili, bali matayarisho.

Tena shida hii si ya Wakongo peke yao. Nchini Tanzania, tangu mwisho wa miaka ya 1960, shule za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikafundisha kwa Kiingereza. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano, kiwasaidie wanafunzi kusoma na kuandika Kiingereza cha masomo. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali. Kati ya wale wa chuo kikuu waliopimwa, hawakufika 20 katika kila 100 walioweza kusoma kwa wepesi hata vitabu rahisi vya masomo yao. Nao walikuwa vijana waliochaguliwa kati ya wengi!

Basi walitafuta dawa gani? Tangu mwaka 1987 mpango maalum ulipeleka vitabu vyepesi vya Kiingereza katika shule za sekondari, ili wanafunzi wasome kwa wingi. Mpango ule haukumaliza shida yote, lakini ulionyesha mahali pa kuanzia. Msaada wa chuoni ni mwema, lakini humkuta mtu amekwisha kuchelewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo hili latuhusu leo kuliko jana. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mapatano ya Jumuiya hiyo ya mwaka 1999 yaliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kusini yetu iko Zambia, ambayo vyuo vyake hufundisha kwa Kiingereza; kadhalika Uganda na Kenya. Vijana wetu watabisha hodi kwenye milango hiyo. Je, watakuwa tayari?

Yatupasa kwanza kujua kwamba Kiingereza cha chuo si kile cha kusalimiana. Kina kazi nne: kusikiliza mhadhara na kuandika muhtasari wake, kusoma kurasa nyingi na kushika neno kuu, kuandika insha yenye hoja, kuuliza na kujibu kwa adabu. Na kazi hizi mtu aweza kuanza kuzizoea katika lugha aijuayo. Ninyi wanafunzi, sikilizeni mahubiri ya Jumapili, na mkifika nyumbani mwandike mambo matatu aliyosema padri, kwa Kiswahili. Juma la pili andikeni kwa Kifaransa. Juma la tatu jaribuni kwa Kiingereza. Aliyejifunza kuokota neno kuu katika lugha moja ataliokota katika nyingine.

Pili, someni vitabu vyepesi, tena vingi. Ukurasa mmoja ukiwa na maneno zaidi ya matano usiyoyajua, weka kitabu hicho kwanza, utafute kilicho rahisi zaidi. Si aibu. Mtoto haanzi kuogelea katikati ya Lualaba.

Tatu, wekeni daftari la maneno yenye hila. Kifaransa ni ndugu wa Kiingereza, lakini ndugu huyo mara nyingine hudanganya. “Librairie” ni duka la vitabu. “Library” ni maktaba. “Actuellement” ni wakati huu. “Actually” ni kwa kweli. Lugha zetu nazo zina mtego wake. Twasema “anakuja” kwa mwanamume na kwa mwanamke, lakini Mwingereza hutenga “he” na “she”. Andikeni pia maneno madogo yanayoshika hoja kama bawaba zishikavyo mlango: “therefore”, yaani kwa hiyo, “however”, yaani lakini, “for example”, yaani kwa mfano. Ayajuaye hayo hufahamu mhadhara unageukia wapi, hata kama maneno mengine yamempita.

Nne, semeni. Sisi tuliopita seminari tulikariri Kilatini miaka mingi. Vitenzi twavinyambua vizuri, lakini kuomba maji ya kunywa kungetushinda. Lugha isiyotumika hubaki daftarini. Wawili mtokao shule pamoja, semeni Kiingereza robo saa njiani, na mmoja asimcheke mwenzake akikosea. Robo saa kila siku ni zaidi ya saa 90 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi akina baba na mama, msiseme, “Sisi hatujui Kiingereza, tufanye nini?” Mwaweza kumpa mtoto taa na saa moja ya utulivu jioni. Mwaweza kumnunulia kitabu kimoja chembamba badala ya kitambaa kimoja cha sikukuu. Na binti zenu msiwasahau. Anayebebeshwa ndoo na kuni hata usiku uingie, atasoma lini? Mzazi auzaye mbuzi ili kulipa ada, asikose kutayarisha akili itakayokwenda kusoma.

Yule kijana wetu hakurudi. Mwanafunzi mkubwa aliisoma barua yake, akamweleza kosa lake, wakaandika nyingine: “I would like to ask for permission.” Mwalimu akaipokea, wakapatana. Leo angali chuoni, naye hutuandikia kwamba neno lile moja lilimgharimu mwezi mzima wa huzuni. Mdogo wake yuko hapa Mulongo, katika sekondari. Huyo tumekwisha kumpa daftari.