Dashibodi si pambo la ofisi ya mdosi

Siku hizi kila mdosi anataka dashibodi. Meneja wa sacco pale Nyeri mjini anaitaka, mwenye hoteli Nanyuki anaitaka, na hata vyama vya ushirika vya kahawa, vile tulivyozoea kuvisikia kwenye habari za ugomvi wa malipo tu, vimeanza kuulizia. Kwako wewe uliyesomea kompyuta au takwimu, hizi ni habari njema. Ni kibarua cha heshima, unaweza kukifanya ukiwa kwenu Mukurwe-ini, na si lazima uwe na mjomba Nairobi.

Shida yangu ni kwamba nyingi ya dashibodi hizi ni mapambo. Skrini imejaa geji za duara, mishale ya kijani, ramani ya kaunti inayong'aa, na katikati namba moja kubwa isiyomsaidia mtu kuamua lolote. Mdosi anaitazama siku ya kwanza, siku ya pili anawaonyesha wageni, na kufikia wiki ya tatu amerudi kumpigia karani wa mizani simu: "Leo tumepokea ngapi?" Ukisikia simu hiyo, jua kazi yako ilikufa kitambo.

Tuchukue kiwanda cha kahawa, maana kuanzia Othaya na Tetu hadi Mathira, wengi wetu tumelipiwa karo na kiwanda kama hicho. Mkulima analeta matunda mekundu, yanapimwa, yanamenywa, yanachachushwa na kuoshwa, kisha punje zinaanikwa kwenye vitanda vya waya mpaka unyevu ushuke hadi karibu asilimia 11. Baadaye zinapelekwa kwenye kinu kutolewa ganda la ndani. Kilo sita hadi saba za matunda hutoa takribani kilo moja ya kahawa safi, na hiyo ndiyo inayouzwa kwenye mnada wa Nairobi, kwa gunia la kilo 50, kwa dola.

Sasa, ukiambiwa utengeneze dashibodi ya kiwanda hicho, namba gani utaiweka juu kabisa? Najua. Jumla ya kilo zilizopokelewa. Ni rahisi kuipata, iko kwenye mizani, na kila siku inapanda, kwa hivyo mshale ni wa kijani msimu mzima na kila mtu anafurahi. Lakini namba hiyo ni ya mvua na ya jasho la mkulima. Haisemi chochote kuhusu usimamizi. Hata meneja akilala ofisini kutoka Oktoba hadi Desemba, itapanda tu.

Namba ya meneja ni hii: imechukua kilo ngapi za matunda kupata kilo moja ya kahawa safi? Piga hesabu. Tuseme kiwanda kimepokea kilo 100,000 za matunda. Kikitumia kilo sita kupata moja, kitauza kilo 16,667 hivi. Kikitumia saba, kitauza 14,286. Tofauti ni karibu kilo 2,380, yaani magunia 47 na ushei. Gunia likienda dola 300, hizo ni zaidi ya dola 14,000 ambazo hazikumfikia mtu. Zimeenda wapi? Labda karani alipokea matunda mabichi kwa kumwonea jirani haya. Labda mtambo wa kumenya unakata punje. Labda ukame umefanya punje kuwa nyepesi, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Au labda magunia yalitembea usiku, na wizi wa kahawa viwandani si hadithi ngeni kwetu. Dashibodi haitakuambia mwizi ni nani. Itakuambia kiwanda kipi uende ukaulize, na uende mapema, kabla kahawa haijauzwa na mazungumzo yote kugeuka kuwa kelele za mkutano mkuu.

Ndiyo maana nasema usianze na Power BI. Anza na kalamu na kikombe cha chai. Keti na meneja umuulize swali moja: kesho asubuhi utaamua nini? Usimuulize anataka kuona nini, maana atakuambia "kila kitu", nawe utamletea kila kitu, halafu ataangalia chochote. Muulize anachoamua.

Msimu ukiwa umechacha atakujibu bila kufikiria sana. Anaamua vibarua wangapi waitwe kesho. Anaamua kama awaambie wakulima wasichume Alhamisi kwa sababu vitanda vimejaa na jua halionekani. Anaamua kahawa ipi iende kinuni sasa na ipi ingoje. Hapo umeshapata dashibodi yako. Nafasi iliyobaki vitandani, kando ya kilo zinazotarajiwa kesho. Idadi ya siku ambazo kila fungu la kahawa limekaa ghalani. Bei ya mnada wa mwisho kwa kila gredi, AA, AB, C na zile za chini, kwa sababu wastani pekee unaficha kiwanda ambacho AA yake imepungua. Na siku ambazo mkulima amengoja malipo. Hiyo ya mwisho wengi wataisahau, ilhali kule vijijini ndiyo namba inayojulikana kuliko zote.

Neno lenyewe tumeliazima kwenye gari. Muulize dereva wa matatu anayetoka Karatina kwenda Nyeri anaangalia nini pale mbele: mwendo, mafuta, joto la injini. Basi. Vitu vingine vinakaa kimya mpaka kuwe na tatizo, ndipo taa inawaka. Mmarekani Stephen Few aliandika kitabu kizima kuhusu dashibodi mwaka 2006, na mojawapo ya mambo aliyokataa kabisa ni kuigiza geji za gari kwenye kompyuta, kwa sababu zinakula nafasi kubwa kuonyesha namba moja. Mstari mfupi wenye alama ya lengo unatosha. Karibu miaka 20 baadaye, geji bado tunazo. Zinauza, bana.

Kuna mambo madogo yanayoua kazi nzuri. Mwenyekiti wako ana simu, hana skrini ya inchi 40, kwa hivyo ukurasa wako usomeke kwenye WhatsApp na uchapishwe kwenye karatasi moja ya kupeleka kwenye kikao cha kamati. Usitegemee nyekundu na kijani peke yake; kuna wanaume wasioweza kuzitofautisha, na kamati zetu zimejaa wanaume. Na kama karani anaandika kwenye daftari kisha anaingiza kwenye kompyuta Ijumaa, usiandike kwamba data ni ya sasa hivi. Andika "hadi Ijumaa saa kumi jioni". Namba ya kweli iliyochelewa ni afadhali kuliko ya uongo inayopepesa kila dakika.

Ujuzi tunao, tusijidharau. Mkutano wa kwanza wa Data Science Africa ulifanyika hapa hapa Nyeri mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, chuo ambacho kina shamba lake la kahawa. Kinachotupungukia mara nyingi ni ubishi.

Maana itafika siku mdosi atakuita akuambie, kwa upole kabisa, "Kijana, hii namba ya kilo sita na saba hebu itoe, itawachanganya watu." Hapo hakuna somo la chuo litakalokuokoa. Pesa zako hujalipwa. Yeye ni rika la babako, pengine mnasali kanisa moja. Wengi wataitoa, na mimi sitawatukana, njaa ni njaa. Lakini ujue unachofanya. Ukiiondoa namba hiyo na kubakiza mshale wa kijani, umechagua upande, na si upande wa yule mama aliyebeba matunda kwa mgongo hadi kiwandani akingoja karo ya muhula.

Kwa hivyo maliza mabishano hayo kabla ya kuchora chochote. Siku ya makubaliano, andikeni orodha ya namba zitakazoonyeshwa na kila moja inavyokokotolewa, kamati iiweke sahihi, na ibaki kwenye kumbukumbu za kikao. Kuiondoa baadaye kutahitaji kikao kingine, na mtu atalazimika kusimama mbele ya wenzake aeleze sababu. Kisha omba jambo moja la ziada: mwisho wa kila mwezi, karatasi ile ile anayosoma mdosi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kiwanda, kwa Gikuyu na Kiswahili, kwa herufi kubwa, mahali ambapo foleni ya mizani inapita.