Visa ya Kazi: Nenosiri Lako Liko kwa Bosi

Nimekuwa kimya wiki tatu: mvua, stima ya kupotea na kurudi, na kazi ya mteja isiyoisha. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi rafiki yangu tuliyesoma naye kompyuta chuoni alinipigia simu kutoka Marekani. Kampuni imempunguza. Nilidhani atalia mshahara, kumbe alikuwa akihesabu siku. "Nimebaki na 41," akaniambia. Yuko kwa visa ya H-1B, ile ya wafanyakazi wenye ujuzi. Aliyeiomba ni mwajiri, kwa kazi ya mwajiri huyo. Kazi ikiisha, kwa kanuni iliyoanza 2017, unapewa hadi siku 60: upate mwajiri mwingine wa kukuombea, ubadilishe aina ya visa, au ufunge virago. Ana mke, mtoto wa shule na gari la mkopo.

Sasa angalieni tunachobishania. Tarehe 19 Septemba 2025, Rais Trump alitia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa ombi jipya la H-1B la mtu aliye nje ya Marekani. Kila kikundi cha WhatsApp kikawaka moto. Kabla ya hapo kelele zilikuwa za idadi: nafasi 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada ya juu ya Marekani, zote kwa bahati nasibu. Uingereza nako, mshahara wa chini wa kawaida kwa visa ya namna hii ulipanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 Aprili 2024, kisha 41,700 Julai 2025.

Hayo yote ni mabishano kuhusu kiingilio. Hakuna anayeuliza ukishaingia, ufunguo anashika nani.

Mimi huandika programu. Nikitengeneza mfumo ambamo akaunti yako inafutwa kwa sababu mtu mmoja amekuchoka, mteja atanifukuza, na atakuwa na haki. Serikali zimeandika mfumo huohuo na kuuita sheria.

Mkulima wa chai wa huku kwetu hahitaji maelezo marefu. Ukiwa na mnunuzi mmoja tu, huna bei, una bahati. Ndivyo alivyo mfanyakazi wa visa. Ataombaje nyongeza? Atakataaje kufanya kazi usiku kucha? Hasira ya bosi inaweza kumrudisha nyumbani.

Najua mtaniambia kwamba Marekani ina sheria ya mwaka 2000 inayomruhusu mwenye H-1B kuanza kazi mpya mara tu mwajiri mpya anapowasilisha ombi. Kweli. Lakini bado ni lazima apatikane bosi wa pili wa kumwombea. Umebadilishiwa mshika ufunguo tu.

Wengine watasema kampuni imetumia pesa, ilinde mali yake. Mtu si mali. Kampuni hutumia pesa pia kumfundisha kijana wa hapo hapo, naye huondoka akitaka. Na wanaodai wanalinda wenyeji wafikirie tena: asiyeweza kuacha kazi ndiye anayekubali malipo mabaya, na ndiye anayemshushia mwenyeji mshahara.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Kanuni za Umoja wa Ulaya za 2021 kuhusu Kadi ya Buluu zinasema baada ya miezi 12 ya kwanza unaweza kubadilisha mwajiri bila kuomba ruhusa ya serikali. Ya kutakiwa zaidi ni kutoa taarifa. Ukikosa kazi una miezi 3, au 6 ukiwa umekaa na kadi miaka miwili. Hata Qatar, ambako tumezoea kulaani kafala, mwaka 2020 ilifuta sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhama kazi.

Lakini tusicheke jirani ilhali paa letu linavuja. Sheria yetu ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inatoa kibali cha daraja D kwa mtu aliyepewa kazi maalum na mwajiri maalum. Mgeni anayeandika programu Nairobi kwa kibali hicho naye amefungwa kamba. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Novemba 2017, akiapishwa Kasarani, Rais Uhuru Kenyatta aliahidi kwamba Mwafrika Mashariki atafanya kazi hapa kwa kitambulisho tu. Kibali bado kinadaiwa.

Ninachotaka ni vitu vitatu. Kibali kiwe cha mfanyakazi na fani yake, angalau baada ya mwaka mmoja. Anayepoteza kazi apewe miezi sita. Na Kenya ikitia saini mikataba ya kazi, kama ule wa Ujerumani wa Septemba 2024, iweke haki ya kuhama kazi mezani kabla ya kuhesabu nafasi. Tutaidai kwa uso gani kama sisi wenyewe hatuitoi?

Rafiki yangu sasa amebaki na siku 38. Mwombeeni. Na kama kampuni yenu inaajiri, niandikieni hapa chini.