Anayekamatwa ugenini aelezwe haki yake



Natoa maoni yangu kuhusu haki ambayo wananchi wengi hawaifahamu. Nayo ni haki ya raia anayekamatwa katika nchi ya kigeni kusaidiwa na ubalozi wa nchi yake.

Sisi wa huku Bisibo tuko karibu na Rwanda na Burundi. Malori hupita Lusahunga kwenda Rusumo na Kabanga mchana na usiku, na vijana wetu huvuka mpaka wakiwa madereva, utingo na wachuuzi. Kijana kama huyo akitiwa mbaroni huko, aseme nini? Shuleni tulimfundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini neno hili hatukumfundisha.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi, ambao nchi yetu imejiunga nao, unaeleza jambo hili katika ibara ya 36. Polisi wanatakiwa kumweleza mgeni waliyemkamata, bila kuchelewa, kwamba anayo haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe. Akitaka, ubalozi ujulishwe na barua zake zipelekwe. Ofisa wa ubalozi anaruhusiwa kumtembelea, kuzungumza naye na kumtafutia wakili. Hii si njia ya kumtorosha mhalifu. Sheria ya nchi aliyomo inabaki pale pale.

Wako watakaosema haya ni mambo ya makaratasi. Wajerumani wawili, Walter na Karl LaGrand, mtu na ndugu yake, walikamatwa Arizona, Marekani, mwaka 1982 kwa kosa la mauaji. Ubalozi wao haukupata habari hadi mwaka 1992, nao wenyewe walikuwa wameelezwa haki hiyo na wafungwa wenzao. Wakati huo walikwisha hukumiwa kifo, na mwaka 1999 wakanyongolewa uhai wote wawili. Mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja mkataba. Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini wenyewe walikuwa kaburini.

Na sisi tujitazame. Mwezi Mei 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ililalamika rasmi kwamba maofisa wake walinyimwa nafasi ya kumwona raia wao, Boniface Mwangi, aliyekuwa ameshikiliwa Dar es Salaam. Mwenzake kutoka Uganda, Agather Atuhaire, alikutwa ameachwa Mutukula, humu humu mkoani Kagera. Mtu aweza kupenda au kuchukia siasa za wageni hao, lakini ibara ya 36 haiulizi siasa ya mtu. Tukiwanyima wageni haki hii, tutaidai kwa uso gani kijana wetu atakapokamatwa Nairobi, Kigali au Bujumbura? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, Wizara ibandike matangazo kwa Kiswahili katika vituo vya Rusumo, Kabanga na Mutukula, yenye namba za simu za balozi zetu. Pili, kila kituo cha polisi kimweleze mgeni haki hii kwa lugha anayoielewa. Lakini asilazimishwe, kwani mkoa wetu umepokea wakimbizi wengi, na mkimbizi huenda hataki serikali aliyoikimbia ijue aliko. Tatu, sisi walimu tuwafundishe watoto wa madarasa ya juu sentensi moja tu: "Mimi ni Mtanzania, naomba ubalozi wa nchi yangu ujulishwe."

Sentensi hiyo mtoto huishika kwa dakika tano, na haihitaji fedha za bajeti.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bisibo, Kagera.