Somo la Makombe Lihamie Pwani

Sisi walimu wa visiwani, tufundishapo viumbe vya bahari, huwatuma watoto pwani maji yakupwapo, nao hurudi na vikapu vya makombe tuyaitayo zana za kufundishia. Nami nilifanya hivyo, hata siku ya tatu tukakuta makombe kadhaa yametambaa hadi mlangoni mwa darasa, na ndani yake kaa waliokwisha kufa. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hii ilikuwa nyumba yake?" Niliona haya kumjibu.

Kaa huyo ana tumbo laini, lililopinda lipate kuenea katika kombe la konokono aliyekufa. Hawezi kujitengenezea kombe. Kila akuapo hutafuta kubwa zaidi, na lile alihamalo huchukuliwa na mdogo wake. Basi kombe tulidhanialo tupu ni nyumba ya kiumbe ajaye kesho. Hata kaa wa minazi wa kisiwa cha Chumbe, mkubwa kuliko kaa wote waishio nchi kavu, huanza utoto wake katika kombe la namna hiyo.

Watasema wengine kuwa kwenda pwani hupoteza vipindi. Kwa maoni yangu, vipindi hupotea mezani, penye makombe yasiyoweza kuonyesha kuhama. Mtoto na achuchumae ufukoni, atazame, ahesabu, achore, kisha aache kila kombe mahali pake. Huko kuacha nako ni sehemu ya somo, nasi tukutahini kama tutahinivyo michoro.